Kabla mtoto hajapewa nusu kaputi, sema yote unayoyajua

Na Mwandishi Wetu, Kanombe

NDEGE ya asubuhi ilikuwa ikipita juu ya mabati ya nyumba yetu hapa Kanombe wakati mpwa wangu alipobisha hodi, mtoto mgongoni, mkoba mkononi. Alikuwa amefika Kigali jana yake jioni kwa basi kutoka Rusumo, akalala kwa rafiki yake Remera ili asinisumbue usiku. Ndani ya mkoba mlikuwa na nepi, chupa ya chai na kadi mbili za kliniki, moja ya Rwanda na nyingine ya Tanzania.

Mpwa wangu ni mfanyabiashara wa mpakani. Hununua mchele na dagaa upande wa Benaco na kuuza Kibungo. Mtoto huyo, wa tatu kwake, alizaliwa ng'ambo ya mto Akagera mama yake akiwa safarini. Sisi wenyewe ni watu wa huku na huko. Mimi na marehemu dada yangu, mama yake mzazi, tulikulia ukimbizini katika wilaya ya Ngara, tukarudi nyumbani mwaka 1996.

Mtoto alikuwa na miezi 11 na uzito wa kilo saba na kidogo. Taya lake la chini ni dogo, kama limesukumwa ndani. Ukimlaza chali, ulimi unarudi nyuma na anakoroma kama mtu mzima aliyechoka. Kaakaa lake lina mpasuko, hivyo hakuweza kunyonya. Tangu azaliwe mama yake amekuwa akimkamulia maziwa na kumnywesha kwa kijiko, na nusu yake hutokea puani.

Madaktari walituambia kwamba taya dogo, ulimi unaorudi nyuma na shida ya kupumua, vikikutana kwa mtoto mmoja, huitwa kwa jina la Pierre Robin, tabibu wa Ufaransa aliyeandika juu ya hali hiyo mwaka 1923. Wapo watoto wanaokuwa na hali hiyo peke yake. Wengine huwa nayo kama sehemu ya sindromu ya kurithi, mojawapo ikiwa ile iliyoelezwa mwaka 1965 na daktari Gunnar Stickler wa Marekani, ambayo hugusa pia macho, masikio na viungo. Kwa kuwa macho ya mjukuu wetu yalionekana kuwa na kasoro, walishuku hiyo ya pili.

Lililotuleta Kanombe ni kuziba kaakaa. Kupasuliwa hatukukuogopa sana. Tulichokiogopa ni usingizi.

Swali lililotunyamazisha

Hospitali kubwa ya Kanombe ni ile ambayo wenyeji tunaiita ya jeshi, ingawa raia ndio wengi kwenye foleni. Tuliingia na karatasi za rufaa kutoka hospitali ya wilaya, kwa sababu anayetumia mituweli hupanda ngazi kwa ngazi: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha rufaa. Akiruka ngazi pasipo dharura, gharama ni juu yake.

Nilidhani tutaonana na daktari wa kupasua tu. Kumbe kuna mwingine wa kuonana naye kwanza, daktari wa nusu kaputi. Alikuwa mwanamama wa makamo, na Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu. Alimpima mtoto, akamtazama kinywani, akamsikiliza kifua, akamgeuza shingo huku na huku. Kisha akakaa chini na kuuliza:

"Mama, mtoto huyu amewahi kulazwa usingizi kabla ya leo?"

Mpwa wangu aliangalia sakafu. Mimi nikajibu kwa kujiamini kwamba hapana.

"Ndiyo," akasema mpwa wangu kwa sauti ndogo. "Mara moja."

Ndipo nikasikia jambo ambalo hata mimi mjomba wake sikuwa nimeambiwa. Mtoto akiwa na miezi mitano alipelekwa kwenye hospitali moja, ambayo sitaitaja, ili afanyiwe upasuaji wa ngiri. Walimpa dawa ya usingizi, lakini mpira wa kupumulia ukakataa kupita. Mama akiwa mlangoni alisikia watu wakikimbia. Baada ya muda akarudishiwa mtoto akiwa hai, midomo ikiwa bado na rangi ya majivu, na karatasi yenye maneno mawili tu: upasuaji umeahirishwa.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Mjomba, niliogopa. Nilidhani nikisema, na hapa watatufukuza."

Daktari hakumkemea. Alimshukuru. Alisema maneno hayo aliyokuwa ameyaficha yana thamani kuliko vipimo vyote vilivyomo kwenye faili.

Kwa nini hofu yake ilikuwa hatari

Mtoto mchanga, kwa kila kilo ya mwili wake, hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima, na akiba yake mapafuni ni ndogo. Mtu mzima aliyeacha kupumua baada ya kuvutishwa oksijeni anaweza kusubiri dakika kadhaa. Mtoto huanza kubadilika rangi mapema sana. Kwa hiyo anayetakiwa kumpitishia mpira mtoto mwenye taya dogo anapaswa kulijua jambo hilo kabla, awe na njia ya pili na ya tatu mkononi, na asiwe peke yake.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, kati ya maswali yanayopaswa kuulizwa kabla mgonjwa hajalazwa usingizi liliwekwa hili: je, njia yake ya hewa ni ngumu? Mpwa wangu alikuwa na jibu la swali hilo. Alilificha kwa sababu hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba ni jibu.

Kisha daktari akauliza swali la pili, na safari hii aliyenyamaza ni mimi. Je, katika ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kufa au kupata homa ya ajabu akiwa kwenye usingizi wa upasuaji?

Mdogo wangu

Mwaka 1974, tukiwa ukimbizini, mdogo wangu wa kiume alianguka kutoka kwenye mwembe akavunjika mkono. Alikuwa na miaka tisa. Alipelekwa kulazwa usingizi ili mfupa urudishwe mahali pake. Asubuhi alikwenda akitembea kwa miguu yake, na usiku alikuwa maiti. Nyumbani wengine walisema ni malaria, wengine wakasema ni mkono wa mtu. Baba alikataza habari hiyo isizungumzwe, na kwa miaka mingi haikuzungumzwa.

Nilimweleza daktari hayo tu, maana ndiyo niliyoyajua. Akaniuliza kama yupo mtu aliyekuwa naye siku ile. Yupo shangazi, nikamwambia, bado anaishi Karagwe.

Jioni hiyo nilimpigia shangazi simu. Ana umri mkubwa, lakini kumbukumbu yake haijachuja. Alisema mtoto alikuwa wa moto kama chungu kilichotoka jikoni. Mwili ulikuwa mgumu. Meno yalikuwa yameumana, hata kijiko hakikupita. Mkojo ulikuwa kama chai ya rangi. Aliyasema hayo taratibu, kama mtu anayesubiri tangu 1974 kuulizwa.

Nilimrudishia daktari maelezo hayo. Akaniambia kwamba kuna hali adimu ya kurithi ambayo mwenye nayo huishi bila dalili yoyote mpaka siku anapopewa gesi za nusu kaputi, kama halotheni au sevoflureni, au dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksinilkolini. Misuli hukaza, joto hupanda kwa kasi, mkojo huwa mweusi na moyo husimama. Mzazi mwenye hali hiyo anaweza kumrithisha kila mtoto wake kwa uwezekano wa nusu kwa nusu.

"Mzee, siwezi kusema kwa hakika kwamba ndiyo iliyomwua mdogo wako," akasema. "Malaria kali nayo inaweza kuleta mkojo mweusi. Lakini sihitaji kuwa na hakika ili niwe mwangalifu."

Kijana wa Melbourne

Msomaji asidhani kuwa hadithi za ukoo ni mambo ya wazee wasiosoma. Hali hiyo yenyewe iligunduliwa kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1960 huko Melbourne, Australia, kijana wa miaka 21 aliletwa hospitalini akiwa amevunjika mguu. Mguu haukumtia hofu kama nusu kaputi, kwa sababu ndugu zake 10 walikuwa wamekufa baada ya kupewa etha. Madaktari walimpa halotheni, dawa iliyokuwa mpya wakati huo. Baada ya dakika chache joto lake lilipanda na shinikizo la damu likaanguka. Wakaizima gesi, wakampoza kwa barafu, akapona. Daktari Michael Denborough na mwenzake Lovell waliufuatilia ukoo wake, kisha wakaiandikia dunia kwamba kuna kitu kinachorithiwa hapo.

Dawa ya kuokoa wanaopatwa inaitwa dantroleni, na aliyeonyesha kwamba inafanya kazi ni Gaisford Harrison wa Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 1975, kwa kuwajaribia nguruwe wenye hali hiyo. Kabla yake, wengi wa waliopatwa walikufa. Ni dawa ya bei kubwa na hospitali nyingi za ukanda wetu hazina. Kipimo cha kuthibitisha hali hiyo nacho hufanywa katika vituo vichache duniani. Kipimo kilicho karibu nasi sote ni shangazi wa Karagwe, ambacho hugharimu dakika chache za simu.

Hakuna dawa moja iliyo bora

Wazazi wengi huuliza, kama nilivyouliza mimi, ni dawa ipi ya usingizi iliyo salama kwa watoto wenye sindromu. Jibu ni kwamba hakuna moja. Salama hupimwa kwa mtoto huyu na hali yake hii.

Mtoto mwenye sindromu ya Down, kwa mfano, ana uwezekano wa karibu nusu kwa nusu wa kuwa na kasoro ya moyo. Sevoflureni huweza kuyapunguza sana mapigo yake, na shingo yake haitakiwi kukunjwa kwa nguvu. Mvulana mwenye ugonjwa wa Duchenne, unaolegeza misuli polepole, akipewa suksinilkolini moyo wake unaweza kusimama ghafla. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1990 dawa hiyo hubeba onyo kali nchini Marekani kuhusu kuwapa watoto bila sababu ya dharura. Mtoto mwenye sindromu ya Williams anaweza kuonekana mzima na mchangamfu, kumbe mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo ni mwembamba. Huyo moyo wake upimwe kwanza, hata kama anapelekwa kung'olewa jino tu.

Kwa mjukuu wetu ugumu ulikuwa wa pande mbili. Kwa mtoto mwenye taya dogo, njia iliyozoeleka ni kumvutisha gesi kidogo kidogo huku akiendelea kupumua mwenyewe, na kutomlegeza misuli mpaka mpira uwe umepita. Lakini gesi hizo ndizo zilizopigwa marufuku na habari ya mdogo wangu. Daktari akaamua kutumia dawa za kwenye mshipa, ketamini na propofoli, kwa vipimo vidogo vidogo, ili mtoto alale bila kuacha kupumua. Koo lingepuliziwa ganzi, na mpira ungepitishwa kwa kutazama kwa kamera ndogo. Mashine ingeondolewa vifaa vya gesi, ibadilishwe mipira na kusafishwa kwa oksijeni kwa muda mrefu kabla yake. Mtoto angekuwa wa kwanza siku hiyo, asubuhi, wakati watu na vifaa vyote vipo.

Ketamini si ya kifahari. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985, na hata hospitali ndogo za vijijini huwa nayo. Nililolipenda ni hilo: usalama wa mjukuu wetu ulitegemea zaidi kujua kuliko kununua.

Mpwa wangu alikuwa na hofu nyingine. Aliambiwa sokoni kwamba nusu kaputi huharibu akili ya mtoto. Daktari hakulicheka swali hilo. Alieleza kwamba mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitatu wanaolazwa usingizi kwa zaidi ya saa tatu, au mara nyingi. Lakini utafiti uliofuatilia watoto wachanga 722 katika nchi saba, ambao matokeo yake ya mwisho yalitolewa 2019, haukuona tofauti ya akili walipofika miaka mitano kati ya waliopewa nusu kaputi ya muda usiozidi saa moja hivi na waliopewa ganzi tu. Kuacha kaakaa wazi, alisema, nako kuna hasara inayojulikana, kwa kuwa mtoto hali vizuri, masikio huugua na maneno hayatoki sawasawa.

Siku iliyoahirishwa na siku iliyofika

Siku ya kwanza tuliyopangiwa tulirudishwa nyumbani. Mtoto alikuwa na mafua. Mpwa wangu alilia kwa hasira, maana gunia zake za mchele zilikuwa zinamsubiri mpakani na ada ya ghala inapanda. Lakini mafua huzifanya njia za hewa za mtoto zikaze kwa urahisi akiwa usingizini, na kwa mtoto wa taya dogo hilo si jambo la kubahatisha. Tulisubiri wiki nne.

Siku ilipofika, tulipewa masharti ya tumbo: maziwa ya mama mwisho saa kumi alfajiri, maji matupu mwisho saa kumi na mbili, upasuaji saa mbili. Mtoto alilia kwa njaa na bibi mmoja wa kitanda cha jirani akatushauri tumpe uji kidogo, hakuna atakayejua. Nakuomba msomaji, usifanye hivyo. Chakula kilichomo tumboni hupanda na kuingia mapafuni.

Mama alimbeba mpaka kwenye mstari mwekundu wa mlango. Daktari wetu wa Bukavu akampokea, akamwambia jina la kila mtu atakayekuwa ndani. Kisha tukakaa kwenye benchi. Ndege zilipita juu yetu tatu, nikazihesabu. Sikuwa nikimfikiria mjukuu peke yake. Nilikuwa nikimfikiria pia mvulana wa miaka tisa aliyekwenda asubuhi akitembea.

Baada ya saa mbili na ushei daktari alitoka, barakoa shingoni. Mpira ulipita mara ya pili, alisema. Joto halikupanda. Mtoto alikaa siku mbili chini ya uangalizi wa karibu, akilazwa ubavu, kidoleni akiwa na kile chombo kidogo chenye taa nyekundu kinachosoma oksijeni. Siku ya tatu alikunywa maziwa, na hakuna lililotoka puani.

Tusijidanganye kwamba mambo huwa hivyo kila mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuatilia watoto zaidi ya 8,600 waliofanyiwa upasuaji katika nchi 31 za Afrika, na takriban wawili kati ya kila 100 walifariki ndani ya siku 30. Kiwango hicho ni kikubwa mara nyingi kuliko cha nchi tajiri. Wataalamu ni wachache. Shirikisho la dunia la madaktari wa nusu kaputi linashauri wawepo angalau watano kwa kila watu 100,000, na nchi nyingi za Afrika hazifikishi hata mmoja. Hapa Rwanda mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yalianza mwaka 2006 kwa msaada wa wenzao wa Kanada na Marekani, na kazi kubwa mahospitalini bado hufanywa na wahudumu wa usingizi wasio madaktari. Watu hao wachache hawana muda wa kubahatisha, nasi tusiwafiche kitu.

Barua ya kuvuka mpaka

Kabla hatujaondoka, daktari alituandikia barua mbili, moja kwa Kifaransa na nyingine kwa Kiingereza. Akaniomba niandike ya tatu kwa Kiswahili, kwa kuwa mama huyu huvuka Rusumo kila wiki na hajui ajali itamkuta upande gani. Niliandika hivi:

"Mtoto huyu ana taya dogo. Ni vigumu kumpitishia mpira wa kupumulia, tafadhali mwite mwenye uzoefu kabla ya kumlaza usingizi. Inashukiwa kwamba ndugu wa bibi yake alikufa kwa homa kali ya nusu kaputi. Asipewe gesi za usingizi wala suksinilkolini. Alipewa ketamini na propofoli, akaamka vizuri."

Daktari akaisoma, akaongeza tarehe, uzito na saizi ya mpira uliopita, akapiga muhuri.

Sisi tuliorudi nyumbani kutoka Karagwe, Nakivale, Masisi na kwingineko tulibeba magodoro, sufuria na majina ya marehemu. Namna walivyokufa tuliiacha huko, mara nyingi kwa makusudi. Nanyi mnaovuka mpaka kila siku, watoto wenu huchanjwa nchi moja na kutibiwa nchi nyingine, na karatasi hazijuani. Hospitali ya huku haiwezi kusoma kilichotokea kule. Anayevuka na habari hiyo ni wewe mzazi.

Kwa hiyo kama mtoto wako ana sura, misuli, moyo au taya ambalo madaktari wamelitilia shaka, mwombe daktari jina la hali yake, likiwa limeandikwa. Kila alipolazwa usingizi, hata kama mambo yaliharibika, omba iandikwe dawa gani zilitumika na nini kilitokea. Usione aibu kusema kwamba kwingine walishindwa. Na kabla ya siku yenyewe, mpigie simu mkubwa wa ukoo aliyebaki.

Mpwa wangu amerudi kwenye mchele wake. Barua ameitia kwenye nailoni pamoja na kibali cha mpakani. Mimi Jumapili iliyopita nilimpigia shangazi tena. Safari hii sikuwa na la kuuliza kuhusu ugonjwa. Nilitaka anisimulie mdogo wangu alikuwa mtoto wa namna gani.